Mwaka Trekta ya Bluu Ilipolima Shamba Langu

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, na hasa nyinyi wajukuu wangu wa kiume mliopiga makofi siku ya mazishi ya babu yenu, someni polepole na msinikatize. Shule niliacha darasa la nne, kwa hivyo maneno makubwa sina. Nitaandika yale niliyoona kwa macho yangu. Siku tulipomzika Kiptonui, mume wangu wa miaka zaidi ya arobaini, mzee mmoja alishika maikrofoni akasema marehemu alikuwa mtu wa trekta nyekundu mpaka pumzi ya mwisho. Watu wakacheka, kile kicheko cha upole cha matangani. Akaendelea. Akasema mwaka ule trekta ilipomwangukia marehemu huyu kando ya mto, wazee wa nyekundu waliinua chuma kile kwa mikono yao, wanaume ishirini, wakamtoa. Hapo ndipo mlipiga makofi. Mimi nilikuwa mbele kabisa kwa kiti cha plastiki, shuka begani, na damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilianza kusimama. Pasta akaniona, akaanzisha wimbo haraka haraka. Basi nikakaa, kwa sababu mazishi ni mazishi na wageni walikuwa wengi. Lakini maneno yale ni uongo. Uongo mtupu. Nimeusikia kanisani, nimeusikia hotelini sokoni, nimeusikia ukisimuliwa kwa watoto wangu mwenyewe nikiwa naepua ugali, na sasa umesemwa juu ya jeneza. Mimi sitakufa nikiwa nimeunyamazia.

Siku hizi mnagombana juu ya timu za mpira za Ulaya, watu ambao hata hawajui mko hai. Wakati wetu, hapa Siongiroi, watu waligombana juu ya trekta. Majina ya kampuni siandiki, na wakati huo wengi wetu hata hatukuweza kuyatamka. Tulisema nyekundu, tukasema bluu, na hiyo ilitosha kujua mtu ni wa nani. Watu wa nyekundu walisema yao haili dizeli sana, inaamka asubuhi na baridi kwa mara moja tu, na ikiharibika fundi yeyote mwenye spana mbili anaitengeneza. Watu wa bluu walisema yao ina kifua, inaingia kwenye udongo mweusi wa mtoni ambapo nyekundu inaogopa. Ukiwa hotelini unakunywa chai ungesikia mmoja anasema, "Hiyo yenu ni cherehani, inashona udongo, hailimi." Na mwingine anamrudishia kutoka meza ya pili, "Na yenu ni mlevi. Jana imekunywa debe nzima kabla haijafika kwa geti." Wanacheka, lakini si kicheko. Nilijua mzee aliyekataa ng'ombe wa mahari kwa sababu walitoka kwa boma la bluu. Alisema msichana wake hawezi kwenda kuzaa madereva wabaya. Mtu mzima huyo, na kofia yake ya kanisa kichwani.

Mimi nilitoka Roret, kwa majani chai. Huko trekta ni ya kuvuta trela ya majani mpaka kiwandani, na ikipita hakuna mtu anaangalia rangi. Unaangalia tu kama karani amekuja na mizani. Kwa hivyo niliolewa Siongiroi nikiwa sina upande. Wiki ya kwanza, bado nimeinamisha macho vile bibi arusi anafaa, wifi yangu aliniuliza jikoni, "Kwenu ni nyekundu ama bluu?" Nikamjibu kwetu ni kikapu. Walicheka mpaka mama mkwe akaangusha mwiko kwa majivu. Nilifikiri ni mchezo. Nilikuwa mjinga.

Baba mkwe wangu, mzee arap Chumo, alikuwa mwenyekiti wa kundi la nyumba kumi na mbili. Nyumba hizo ziliuza ng'ombe wao wote wa kulima, wote, hata wale waliokuwa na majina, wakanunua trekta moja nyekundu. Kiptonui ndiye alikuwa dereva. Chumba tulichopewa sisi wawili kiligawana ukuta mmoja wa udongo na banda la trekta. Upande wa trekta kulikuwa na mabati mapya, kwa sababu nyumba kumi na mbili zilichangia. Upande wetu kulikuwa na nyasi za zamani. Mvua ikinyesha niliweka sufuria mbili na karai moja kwa sakafu, na huku nasikia upande wa pili maji yakigonga mabati, na chini yake chuma imelala kavu. Asubuhi mume wangu aliipangusa kwa kitambaa cha flana kabla hajanawa uso wake mwenyewe. Siku hizi naona vijana wanapangusa pikipiki namna hiyo hiyo, na mke amesimama mlangoni na mtoto anayelia, na nataka kushika fimbo. Lakini wakati huo nilinyamaza. Niliona mwanaume anapenda kazi yake, nikaona ni vizuri.

Wazee walifanya mikutano yao humo bandani, wameketi juu ya mitungi ya dizeli, wakinywa chai niliyopika mimi. Nilikuwa naipitisha mlangoni bila kuangalia uso wa mtu, nikirudi chumbani, na ukuta ule ulikuwa mwembamba. Nilisikia kila kitu. Siku moja baba mkwe alisema, "Mtu wa kundi hili ambaye shamba lake litakanyagwa na bluu, ajue ametoka." Mtu mmoja akauliza, "Na kama yetu imelala?" Mzee akasema, "Basi na yeye alale." Wakacheka wote. Nikasikia Kiptonui naye anacheka. Nilikuwa nimeshika birika, na nakumbuka niliangalia birika hilo kama ni mtu anayeweza kunieleza.

Sasa sikilizeni hapa, kwa sababu ndiyo sababu ya mambo yote. Desturi ya nyumba ile ilikuwa hivi. Mke mpya anakula kwa chungu cha mama mkwe mpaka avune mahindi ya shamba lake mwenyewe. Akivuna, anajengewa jiko lake na ghala lake, anawasha moto wake, na mgeni wake anapikiwa na yeye. Asipovuna, anangoja mwaka mwingine, anaenda na bakuli kila siku kuomba unga. Mama mkwe hakuwa mtu mbaya. Alinipimia shamba kwa hatua zake mwenyewe, kando ya mto, ekari moja ya udongo mweusi, akaongeza hatua tano zaidi na akakohoa ili nisihesabu. Lakini kuomba ni kuomba, hata ukimwomba malaika. Na nilikuwa na mimba ya Chelangat, mtoto wangu wa kwanza, miezi mitatu. Nilitaka mtoto wangu azaliwe karibu na moto wangu. Hiyo tu. Sikutaka ng'ombe, sikutaka mabati.

Nyumba zililimiwa kwa zamu, na shamba la bibi arusi likawekwa mwisho kabisa. Nilingoja. Mwezi wa tatu mvua ilianza, na nyekundu ilikuwa bado na nyumba tatu mbele yangu, klachi ikaungua. Ikasimama katikati ya mtaro kama ng'ombe aliyekataa. Ng'ombe wa kweli walikuwa wameuzwa. Nilichukua jembe nikaanza mwenyewe, siku tatu, na nilichopata ni kipande cha kupanda vitunguu. Udongo ule una mizizi ya nyasi kama nywele za mtu, na mimi nilikuwa natapika kila asubuhi. Ng'ambo ya mto nilisikia bluu ya arap Tuwei inanguruma kutoka saa kumi na mbili mpaka jua lizame, inalimia watu. Dereva wake alikuwa Odhiambo, mtu wa ziwani, aliyewahi kuendesha trela za majani kwa estate moja ya chai upande wa Kericho kabla ya kuja kwetu. Mrefu, mwenye kucheka. Watoto walimpenda, na wazee wetu walipomwona walitazama kando, kana kwamba yeye ndiye alipaka ile chuma rangi.

Ni mama mkwe aliyefungua njia, nampa heshima yake. Tulikuwa jikoni, yeye anasonga kimyet, ugali wetu, mimi nachambua mboga. Akasema bila kunitazama, "Wanaume wote wanaenda Kericho kesho kutafuta hiyo klachi. Watarudi jioni."

"Ndiyo, mama."

"Mimi nitakuwa upande wa juu na ndama. Siwezi kuona kitu upande wa mto nikiwa huko."

"Ndiyo, mama."

Akageuza kimyet, akakipiga mgongo kwa mwiko. "Miguu yako bado ni ya msichana," akasema. "Kwa arap Tuwei si mbali."

Nilienda. Nilipatana na mke wa arap Tuwei, kwamba nitampalilia mahindi siku nane wakati wa palizi, na asubuhi, wanaume wetu wakiwa wamepotelea kwa barabara ya Kericho, bluu ikavuka mto. Nataka mjue vile ilikuwa, kwa sababu hakuna mtu amewahi kuniuliza. Odhiambo alizunguka shamba kwa miguu kwanza. Akachukua udongo akaufinya, akasema, "Shemeji, leo ni sawa. Kesho kutwa ikinyesha, hapa hata mimi siingii." Akashusha plau, na ule udongo ukafunguka. Mistari ilitoka iliyonyooka, myeusi, inang'aa, na ndege wakaja nyuma yake. Saa nane amemaliza. Nilimpa kimyet na mboga na mursik, maziwa yetu ya mgando yanayotiwa mkaa, ya kibuyu cha mama mkwe. Akaangalia ndani ya kikombe, akaona ule mkaa. "Shemeji, hii maziwa ilianguka kwa moto?" Nikamwambia anywe anyamaze. Akanywa, akafunga macho, akasema, "Ee Mungu, hii ni adhabu ya bluu." Akaomba kikombe cha pili. Ile siku nilicheka. Ndiyo siku pekee nilicheka mwaka ule.

Jioni wakarudi, klachi hawakupata, wakaambiwa itatoka Nairobi. Baba mkwe alitembea mpaka mtoni na koti lake refu. Akasimama kwa ukingo wa shamba, akaangalia ile mistari muda mrefu. Kwetu mkwe haongei na bibi arusi uso kwa uso, kwa hivyo alimwongelesha mtoto wake, na mimi nimesimama hatua tatu kutoka hapo.

"Mwambie mke wako hakuna mbegu itaingia hapo mpaka nyekundu ipite."

"Baba, shamba limelimwa," Kiptonui akasema.

"Limekanyagwa. Halijalimwa."

"Sasa tulime tena kitu kimelimwa?"

"Ndiyo. Tuligeuze. Niwe mwenyekiti na shamba la kwanza kuonekana barabarani ni la bluu? Nitaingiaje sokoni?"

Mnasikia? Sikuwahi kusikia mahali pengine popote, na nimezeeka, mtu akikataa kupanda shamba lililolimwa vizuri ili alilime tena. Mbegu ilikuwa ndani ya nyumba. Udongo ulikuwa wazi unangoja. Mama mkwe alinishika mkono, akaminya, nikajua naambiwa ninyamaze. Nikanyamaza. Hadi leo nikikumbuka kunyamaza kule, naudhika na yule msichana kuliko ninavyoudhika na mzee. Mzee alikuwa na kiburi, na kiburi ni ugonjwa wa wazee. Lakini mimi nilikuwa najua, na nilisema ndiyo kwa kichwa.

Siku tisa mvua ilinyesha juu ya mistari yangu. Majirani walipanda, mahindi yao yakaanza kutoa kidole cha kijani, na mimi napita na bakuli la unga. Siku ya kumi klachi ikaja, nyekundu ikaamka, na kweli iliamka kwa mara moja, hiyo siwezi kukataa. Asubuhi ile Kiptonui alikuwa ameketi kwa kitanda anafunga kamba za viatu, na hakuwa anazifunga kwa kweli, alikuwa anazishika tu.

"Udongo umeshiba maji," akaniambia. "Itazama."

"Basi mwambie baba."

"Nimemwambia. Amesema nyekundu haizami."

"Na wewe unasema nini?"

"Mimi ni dereva," akasema, akainuka.

Mimi ni dereva! Miaka yote tuliyoishi, nilimsamehe mambo mengi babu yenu, na alikuwa mtu mpole, aliyebeba maji akiona mgongo wangu unauma. Hilo neno moja sikulisamehe. Mtu ana macho, ana mke mwenye mimba, anajua kabisa anaenda kuzama, anapanda juu ya chuma kwa sababu mwingine amesema. Nyinyi msije mkaniambia siku moja kwamba nyinyi ni madereva.

Ilizama mstari wa nne. Nusu ya kundi ilikuwa imekuja kuangalia, wamesimama kwa nyasi za ukingoni na fimbo zao, wanazungumza kama watu wa mnadani. Magurudumu ya nyuma yalichimba mpaka ekseli ikalala kwa tope. Kila akikanyaga mafuta, inashuka zaidi. Barabarani, hatua kama sitini, bluu ilikuwa imesimama na mashine inanguruma polepole. Odhiambo alishuka na mnyororo begani.

"Wazee, chamgei," akasema, alijua salamu zetu. "Niwavute?"

Baba mkwe hakugeuka. "Hatujakuita."

"Ni dakika mbili tu, mzee."

"Nimesema hatujakuita. Ukivuta hii, watoto wetu wataimbiwa sokoni mpaka wazeeke."

Basi mtu mmoja akasema wafunge gogo. Nitawaeleza gogo, maana kuna watu hata leo wanalifanya. Unalaza gogo mbele ya magurudumu ya nyuma, unalifunga kwa minyororo kwa magurudumu yote mawili, ukitumaini gurudumu likizunguka litapanda juu ya gogo na trekta itoke. Lakini gogo likikwama kwa tope, gurudumu linakataa kuzunguka. Na mashine ina nguvu, lazima kitu kizunguke. Kwa hivyo inazunguka trekta yenyewe. Inainua pua, inarudi nyuma, inamlalia aliye juu. Odhiambo alijua. Alipaza sauti kutoka barabarani, nilimsikia na wote walimsikia, "Wazee, msifunge hiyo! Nimeona ikiua mtu!" Na mmoja wetu, huyu huyu aliyeshika maikrofoni siku ya mazishi, ndiyo, huyu huyu, akamjibu, "Nenda ukafundishe hiyo bluu yako kuongea!" Wakacheka. Wakafunga gogo. Kiptonui akaniangalia mara moja, akaingiza gia.

Ilipanda haraka kuliko nilivyoweza kuvuta pumzi. Magurudumu madogo ya mbele yakaenda juu, nikaona tumbo la trekta, nyeusi na mafuta, halafu ikaanguka nyuma na tope likaruka mpaka kwa nguo yangu. Mashine ikazima. Halafu nikamsikia analia, nikajua yuko hai. Tope lile lililoizamisha ndilo lililomwokoa, kwa sababu lilikubali kumeza usukani na kiti, na yeye akabaki kwa nafasi ndogo chini ya madigadi, nyonga moja na mguu vimebanwa. Alikuwa amelala ndani ya mtaro, na mtaro ulikuwa na maji, na uzito wa chuma ulikuwa unaendelea kushuka. Nilipofika maji yalikuwa kwa shingo. Wanaume walishika, ndiyo, walishika kwa mikono, hiyo sikatai. Ishirini labda. Walivuta, waliteleza, waliangukiana. Haikusonga hata upana wa kidole. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nimeshika kichwa chake juu kwa mikono miwili, na maji yakafika kidevuni.

Odhiambo alikuwa amefika ukingoni na mnyororo. Na sasa nitaandika kitu ambacho wazee wameficha miaka yote. Baba mkwe alisema, "Ngojeni. Tumeni watu kwa wale wa ng'ambo ya kilima, waazime ng'ombe wa kulima. Tuvute na ng'ombe." Ng'ombe! Mwendo wa nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, na mtoto wake mwenyewe anameza maji. Nafikiri hakuwa anajua anachosema. Nafikiri hofu ilikuwa imemkamata kichwa, na kile kichwa hakikuwa na neno lingine ndani isipokuwa lile alilolisema siku zote, kwamba bluu isitukanyagie. Nimemfikiria hivyo nikiwa nimezeeka, ili nisimchukie. Lakini pia niliona hili: hakuna mwanaume hata mmoja aliyembishia. Wawili walianza kutembea kwenda kuazima ng'ombe.

Nilikuwa sijawahi kupaza sauti mbele ya baba mkwe. Nilikuwa sijawahi hata kupiga chafya mbele yake. Nilisema, na sauti ilitoka kama ya mtu mwingine, "Odhiambo, leta bluu."

"Shemeji, mzee amesema..."

"Mzee hajashika kichwa cha huyu. Mimi ndiye nimeshika. Leta."

Alikimbia. Aliileta mpaka kwa nyasi ngumu, hakuingia kwa tope, akili alikuwa nayo. Akafunga mnyororo wake kwa ekseli ya mbele, akaunganisha na minyororo ile ya gogo ili ufike, akaivuta nyekundu polepole, polepole, kama mtu anayefunua mtoto aliyelala. Wanaume walisimama na mikono yao imejaa tope, wakaangalia. Ilipoinuka nilimvuta Kiptonui kwa kwapa, na mama mkwe, aliyekuja mbio aliposikia kelele, akamvuta mkono mwingine, wanawake wawili, mkiuliza ni nani aliyemtoa. Tukamlaza kwa trela ya bluu, iliyokuwa imeachwa barabarani, juu ya mabua, na Odhiambo akatupeleka hospitali ya misheni, kila shimo akipunguza mwendo, kila shimo akiuliza nyuma, "Bado anaongea?" Anaongea, nilimwambia. Alikuwa anaongea. Mnataka kujua alikuwa anasema nini? Alikuwa anauliza kama trekta imevunjika.

Alikaa hospitali miezi minne. Alirudi na mguu mmoja mfupi, na kila msimu wa mvua nyonga ilimuuma, na ni mimi niliyemkanda kwa maji moto mpaka mwaka aliokufa. Na bado aliweka kalenda ya trekta nyekundu ukutani juu ya kitanda. Wale wazee walipoanza kusimulia kwamba waliinua kwa mikono, kwanza walisema kwa sauti ya chini, halafu wakazoea. Yeye alinyamaza. Nilimuuliza mara moja kwa nini. Akasema, "Ni baba yangu." Odhiambo alirudi kwao ziwani mwaka uliofuata, baba yake alikuwa mgonjwa, na sikumwona tena. Sijui kama yuko hai. Hakuna mtu wa Siongiroi aliyemshukuru mbele ya watu. Alikunywa vikombe viwili vya mursik kwangu, na hiyo ndiyo asante yote aliyopata.

Lakini bado kuna asubuhi moja ya mwaka ule sijawaambia. Madaktari walikuwa wamemchukua Kiptonui, wakaniambia nirudi nyumbani nilale. Nililala hospitalini kwa benchi, nikafika asubuhi. Jua lilikuwa limetoka, siku ya pili bila mvua. Watu wote wa boma walikuwa jikoni kwa mama mkwe wanakunywa chai, hata baba mkwe, ambaye jikoni hakuwa anaingia. Alikuwa ameketi kwa kigoda kidogo, koti bado lina tope, hajanyoa. Nilipita shambani kabla ya kuingia. Ile mistari minne ilikuwa imeharibika, na mahali trekta ilipolala palikuwa shimo. Iliyobaki yote ilikuwa bado imesimama, mistari ya Odhiambo, juu imeanza kukauka vizuri. Mtu anayelima anajua udongo ukiwa tayari.

Nilisalimia, nikasema Kiptonui ataishi. Mama mkwe akalia. Halafu baba mkwe akamwambia yeye, ili mimi nisikie, "Mwambie apumzike. Lile shamba tuliache mwaka huu. Limetuletea mabaya." Nikaangalia wale watu wote na vikombe vyao. Tumbo langu lilikuwa linauma, miguu imevimba, na nilikuwa na miaka ishirini. Hii ndiyo amri ya kwanza niliyowahi kutoa katika nyumba hiyo, na niliitoa nikiwa nimesimama.

"Mama, toa mbegu. Wifi, leta kamba ya mistari. Nyinyi ndugu zake wawili, chukueni majembe, anzeni na lile shimo mlifunike. Baba, wewe utabeba kikapu cha mbegu na utembee nyuma yangu. Tunapanda pale bluu ililima, na hakuna mtu wa boma hili atakunywa chai nyingine kabla mstari wa mwisho haujafunikwa. Na mtu akipita barabarani akiuliza nani alilima hapa, na nani alimtoa Kiptonui kwa tope, mwambieni jina lake. Mseme Odhiambo. Sasa inukeni."